Kitanda Kiko Mbeya, Kivutio Kiko kwa Jirani

Mtu anayefika Mbeya katika wiki ya kwanza ya Agosti bila kuwa ameagiza chumba mapema hupata tabu. Viwanja vya John Mwakangale pale Uyole huwa vimejaa mabanda ya Nane Nane ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, bei za gesti huwa zimepanda, na mama lishe wa Uyole huongeza sufuria. Mwaka 2022 na tena 2023 maonesho hayo yalifanyika hapa kwa ngazi ya kitaifa, Rais Samia Suluhu Hassan akawa mgeni rasmi siku ya kilele, na jiji likaonja kidogo ladha ya kuwa mwenyeji wa nchi nzima. Kisha tarehe 9 inafika, mabanda yanabomolewa, na wageni wanapanda mabasi wakiwa wameona matrekta, mbegu na ng'ombe wa maziwa, lakini hawajaona Ziwa Ngosi, ambalo liko karibu na uwanja huo kuliko wengi wao wanavyodhani.

Mwaka mmoja wa maonesho nililala katika gesti ya mjini, na asubuhi ya kuondoka nikamwuliza dada wa mapokezi namna ya kufika Ngosi. Alinitazama kwa huruma. "Kaka, huko mbali, labda ukodi gari." Si mbali hivyo. Unapanda Kosta ya Tukuyu, unashuka Isongole, unachukua bodaboda hadi pembeni mwa msitu, kisha unapandisha kwa miguu. Dada yule hakuwa na kosa lolote, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba kujua njia hiyo ni sehemu ya biashara ya mwajiri wake, na wala mwajiri wake hajaelezwa.

Naanzia kwa dada huyo kwa sababu kila tunapojadili namna ya kukuza uchumi wa Mbeya kupitia utalii na matukio makubwa, mazungumzo hukimbilia kwenye matangazo: video ya kuvutia, mabango uwanja wa ndege, kaulimbiu, labda msanii mmoja maarufu. Wapo wanaokwenda mbele zaidi na kusema kwamba jiji linahitaji wakala wake mahususi, chombo chenye bajeti na wataalamu, ambacho kazi yake ni kuvuta wawekezaji, watalii na matukio, kama majiji mengi ya nje yanavyofanya. Wazo hilo naliunga mkono, lakini kwa sharti ambalo nadhani linabadilisha kila kitu: wakala huo usiwe wa Jiji la Mbeya peke yake.

Tuitazame ramani. Mbeya ilipata hadhi ya jiji mwaka 2005, na hadhi hiyo ina mipaka. Ngosi iko wilayani Rungwe. Mlima Rungwe, ambako mwaka 2003 watafiti walimtambua kipunji, nyani ambaye baadaye alipewa jenasi yake mwenyewe, uko huko huko Rungwe. Daraja la Mungu katika Mto Kiwira nalo ni la Rungwe. Kimondo cha Mbozi kilikuwa mkoani Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016. Sasa ni cha jirani. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, kwa sehemu kubwa iko Makete, mkoani Njombe. Ufukwe wa Matema na vyungu vya Wakisi viko Kyela. Hata Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012 kuchukua nafasi ya ule uliokuwa katikati ya mji, uko nje ya mipaka ya jiji. Ukiacha vilele vinavyolizunguka, Loleza ukiwa mmojawapo, jiji lenyewe lina stendi, masoko, benki, vyuo, hospitali ya rufaa, kiwanja cha mpira na vitanda. Kwa lugha ya biashara, jiji ni nyumba ya wageni ya kanda nzima.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Halmashauri ya jiji inakusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni kutoka kwa mgeni aliyekuja kwa sababu ya kitu kilichoko Rungwe au Makete, na halmashauri yenye kitu hicho, ambayo ndiyo inayotakiwa kutunza njia ya kukifikia, kuchimba choo na kumzuia mtu asikate miti pembeni yake, mara nyingi inabaki na vumbi la gari la mgeni huyo. Kwa mpangilio huo, diwani wa Rungwe hana sababu nzito ya kiuchumi ya kuhangaika na Ngosi, na diwani wa jiji hana mamlaka ya kuhangaika nayo. Wakala wa jiji ukizaliwa ndani ya mpangilio huu utakuwa unatangaza mali ya jirani kwa faida ya wenye hoteli za mjini, na jirani ataliona hilo mapema sana.

Ugumu wa pili ni kwamba hata ndani ya wilaya moja vivutio vina wenyewe tofauti. Mgeni anayetaka kutumia siku tatu kusini mwa Mbeya atapita kwa Wakala wa Huduma za Misitu kama anataka misitu ya hifadhi ya Rungwe, kwa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) akienda Kitulo, kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro akitaka kuona Kimondo, na akitamani kuona Kijungu, pale mto unapotumbukia ndani ya mwamba, atajikuta katika eneo la Chuo cha Magereza Kiwira. Sina ugomvi na taasisi yoyote kati ya hizo, na nyingine zimefanya kazi nzuri kwa mali waliyokabidhiwa. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu ambaye kazi yake ni safari nzima ya mgeni, tangu anaposhuka kwenye basi hadi anaporudi kulipanda. Kila taasisi inaona geti lake, na namba ya malipo ni yake peke yake.

Wanaopenda mfano wa nje hutaja majiji ya Ulaya. Mimi napendelea Auckland, kwa sababu historia yake inafundisha pia kwa makosa. Novemba 2010, mabaraza manane ya eneo hilo la New Zealand yaliunganishwa kuwa baraza moja, na papo hapo likaundwa shirika lililojulikana kwa kifupi kama ATEED, lenye jukumu la utalii, matukio na maendeleo ya uchumi kwa pamoja. Mwaka uliofuata Auckland ilikuwa kitovu cha Kombe la Dunia la ragbi, na fainali ikachezwa uwanja wa Eden Park. Mwaka 2017 likapokea michezo ya dunia ya wanamichezo wakongwe. Shirika hilo lilihesabu usiku ambao wageni walilala mjini, si idadi ya waliohudhuria tu, na hicho ni kipimo ambacho sisi tungeweza kukiiga hata kesho bila kuunda shirika lolote. Wapiga picha za filamu walipata dirisha moja la kuomba kibali cha kutumia maeneo ya umma, badala ya kuzunguka ofisi kwa ofisi.

Lakini tazama mpangilio wa hatua zao: kwanza waliunganisha eneo, halafu wakaunda wakala. Sisi tunataka kuanza na wakala huku eneo likiwa vipande. Tena, mwaka 2017 baraza la Auckland lilipoanza kuwatoza wamiliki wa hoteli kodi maalumu ili kugharimia sehemu ya kazi ya kuvuta wageni na matukio, wenye hoteli walikwenda mahakamani, wakihoji kwa nini wao ndio wabebe mzigo ilhali mgeni hula, hupanda teksi na kununua vitu kwa watu wengine pia. Kesi ilichukua miaka. Desemba 2020 shirika lenyewe liliunganishwa na lile lililosimamia viwanja, kumbi na bustani ya wanyama, na miaka minne baadaye ukafika uamuzi wa kuirudisha kazi ya maendeleo ya uchumi ndani ya baraza, utalii na matukio vikabaki nje. Kwa hiyo hata wenzetu wenye fedha na takwimu wamehangaika kujua kama mtu anayetafuta tamasha na mtu anayetafuta mwekezaji wa kiwanda wanapaswa kukaa ofisi moja. Kwa maoni yangu, hawapaswi. Mwekezaji wa kiwanda cha kusindika parachichi anataka kujua umeme, ardhi, kodi na barabara ya kwenda bandarini, na mwenye majibu hayo hawezi kuwa mtu yule yule anayepanga jukwaa la ngoma.

Sisi pia tuna makovu yetu. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilisimamia Dodoma tangu mwaka 1973 hadi ilipovunjwa Mei 2017, na miongoni mwa malalamiko yaliyoifikisha hapo ni kwamba mji mmoja ulikuwa na wenyewe wawili. Februari 2021 ikafuata Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, chombo mwavuli kilichokaa juu ya manispaa, ikavunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Serikali yetu, kwa ufupi, haina uvumilivu na chombo ambacho mwananchi haoni tofauti yake na halmashauri. Atakayependekeza wakala kwa Nyanda za Juu Kusini aanze kwa kuonyesha ni kazi gani ambayo hakuna mtu mwingine anayeifanya.

Kabla ya hapo tuzungumzie mradi wa REGROW, kwa kuwa ndilo jaribio kubwa kuliko yote la kuuza utalii wa kusini, na ndilo lenye somo chungu. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 mwaka 2017. Mradi ulizinduliwa Iringa mwaka uliofuata, na ulilenga hifadhi za Ruaha, Mikumi, Udzungwa na eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyerere. Kitulo haikuwamo, jambo ambalo watu wa Mbeya na Njombe hawakulisahau. Wakati Iringa ikijiandaa kuwa lango la utalii wa kusini, sisi wa upande huu tulibaki tukitazama mabasi. Lakini hilo la kuachwa ni dogo. Kubwa ni kwamba Aprili 2024 Benki ilisimamisha utoaji wa fedha baada ya malalamiko ya ukiukwaji wa haki za wananchi wanaoishi kandokando ya Ruaha, na Novemba mwaka huo huo mradi ukafungwa.

Kiini cha malalamiko hayo kiko mkoani Mbeya, wilayani Mbarali. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, eneo la Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha, ikapanuka hadi zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Sababu za kiikolojia zilikuwepo na hazikuwa ndogo: bonde oevu la Usangu ndilo linaloulisha Mto Ruaha Mkuu, na mto huo unayalisha mabwawa ya Mtera na Kidatu. Hata hivyo ndani ya mstari huo mpya walikuwemo wakulima wa mpunga na wafugaji, na kwa miaka mingi baadaye mkulima wa Mbarali alilala bila kujua kama shamba lake liko ndani au nje ya hifadhi. Mtu wa namna hiyo ukimpelekea kipeperushi kinachosema "Karibu Kusini", atakuuliza anakaribishwa nani, na wapi. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya wakala wa kukuza uchumi wa kanda, simaanishi idara ya matangazo ya hifadhi. Chombo kitakachotangaza Ruaha bila kuwa na kiti cha Mbarali mezani kitakuwa kinatangaza mgogoro, na soko la nje siku hizi linasoma habari kabla ya kukata tiketi.

Sasa matukio. Hapa kanda yetu ina bahati isiyotumika, nayo ni kalenda. Ruaha hutembelewa vizuri zaidi kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati wanyama wanasogelea maji. Kitulo huchanua masika, kuanzia karibu Desemba hadi Aprili, wakati sehemu kubwa ya hifadhi nyingine za kusini zimelowa na zimefungwa na tope. Msimu mmoja unapoisha mwingine unaanza. Tatizo ni kwamba maua ya Kitulo yanachanua katika miezi ile ile ambayo kona 57 za kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba zinamtisha dereva asiyezijua. Kwa hiyo swali la Kitulo ni swali la barabara kabla halijawa swali la bango, na mtu wa utalii asiyekaa meza moja na wahandisi wa barabara anajichosha.

Nane Nane iko kiangazi. Mbio za Mbeya Tulia Marathon, zinazoandaliwa na Taasisi ya Tulia, zimeonyesha kwamba watu wanaweza kusafiri hadi Mbeya kwa ajili ya kukimbia tu, na mwinuko wa jiji hili, pamoja na baridi yake, ni mtaji ambao Dar es Salaam haiwezi kuununua kwa fedha yoyote. Mei Mosi ya kitaifa mwaka 2019 ilifanyika Mbeya pia. Katika kila tukio la namna hii huwa tunasikia idadi ya washiriki. Mara chache sana tunaelezwa maji ya chupa yalitoka wapi, fulana zilichapwa na nani, mahema na vipaza sauti vilikodishwa kutoka mji gani. Kama vyote vimekuja kwa lori kutoka Dar es Salaam na vimerudi na lori hilo hilo, mji umebakiwa na foleni, takataka na fedha za vyumba. Kuhesabu hivyo hakuhitaji mtaalamu wa ng'ambo; kunahitaji mtu mmoja mwenye daftari na mamlaka ya kuuliza risiti.

Mpira wa miguu umetupa somo la wazi kuliko yote. Novemba 2022, timu ndogo ya Ihefu, ikiwa nyumbani Mbarali, iliifunga Yanga 2-1 na kukatisha mfululizo wa michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilijua Ubaruku iko wapi, na hakuna bango ambalo lingeweza kununua jambo hilo. Haikupita miaka miwili, timu ikahamia Singida na leo inaitwa Singida Black Stars. Mwenye mali ana haki ya kuihamisha mali yake, sikatai. Najiuliza tu ni ofisi gani katika mkoa huu iliyokuwa na wajibu wa kukaa naye mapema, kupiga hesabu ya kile ambacho mechi mbili za Simba na Yanga kwa mwaka humwachia muuza mchele, mwenye gesti na dereva wa bajaji, na kumwuliza angehitaji nini ili abaki. Nadhani hakuna, kwa sababu afisa michezo hana bajeti ya jambo hilo, afisa biashara haoni kama ni biashara, na afisa utalii hakuambiwa kwamba mashabiki ni watalii. Mbeya City imerudi Ligi Kuu, Tanzania Prisons ipo, na Uwanja wa Sokoine upo. Kwa hiyo kosa hilo tunaweza kulirudia tena.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, maana hapa ndipo mapendekezo mengi ya namna hii hufia. Sipendekezi tozo mpya. Wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Kabwe tayari wanalipa ushuru wa huduma, leseni na mengineyo, na ukiwaongezea hata shilingi moja kwa jina la utalii watakuwa na hoja ile ile ya wenye hoteli wa Auckland. Ninachopendekeza ni kwamba halmashauri za Mbeya, Rungwe, Kyela, Mbozi, Makete, Mbarali na nyingine zitakazokubali zitenge sehemu ya ushuru wa malazi unaokusanywa sasa, kwa kiwango kitakachoandikwa na kusainiwa, iingie katika kapu moja, na kila halmashauri iwe na kura. Jiji litachangia zaidi kwa sababu lina vitanda vingi zaidi. Sehemu ya kapu irudi moja kwa moja kwenye kivutio: njia ya Ngosi, choo cha Kimondo, waongozaji wa Isongole. Mwenye hoteli ataona fedha aliyokuwa akiilipa siku zote sasa inamletea mgeni anayelala usiku wa pili, na diwani wa Rungwe atakuwa na sababu ya kusimama kwenye baraza kutetea ziwa.

Wafanyakazi wa wakala huo wasizidi watu kumi, wala wasianze kwa kujenga jengo. Waanze na kalenda ya mwaka inayotangazwa miezi kumi na miwili kabla, ili tukio la Iringa lisigongane na la Mbeya na mwenye gesti ajue wiki gani aajiri watu wa ziada. Waende gesti kwa gesti kuwafundisha watu wa mapokezi majina ya mahali, nauli na muda. Wazungumze na taasisi zenye mageti ili malipo ya siku moja yaweze kufanyika mara moja. Wasubiri hadi hayo yatendeke kabla ya kuagiza video.

Na kama kungekuwa na siku ya kuwapima, ningechagua tarehe 9 Agosti, saa moja asubuhi, nje ya geti la viwanja vya John Mwakangale: Kosta tatu zimeegeshwa, moja ya Ngosi, moja ya Kimondo, moja ya Matema, nauli imeandikwa ubavuni, makondakta wanaita abiria, na mgeni aliyekuja kuangalia matrekta anarudisha begi lake gesti kwa usiku mmoja zaidi.